Gari lililoinuliwa na mtetemo usiokwisha: Namna ya kutafuta chanzo

WAMILIKI wengi wa magari ya kazi ngumu, hasa Land Cruiser na Land Rover zinazopeleka watalii mbugani au kupita barabara za vijijini, huyainua kwa kuyafungia springi ndefu na tairi kubwa. Lengo ni kuvuka mawe, matope na makorongo bila tumbo la gari kugusa chini. Hata hivyo, si mara chache gari lililotoka gereji na umbo jipya hurejeshwa baada ya siku chache likiwa na ugonjwa mpya: linatetemeka.

Ugonjwa huo haufai kupuuzwa. Propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye transfa hadi kwenye difu, ikikatika gari likiwa katika mwendo kasi inaweza kuvunja ganda la giaboksi au kukata mipira ya breki. Katika Land Rover Discovery ya toleo la pili, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2004, kuharibika kwa kiungo cha propela ya mbele ni tatizo linalofahamika sana, na shafti zilizokatika zimewahi kupasua giaboksi.

Kwa nini kuinua gari huleta mtetemo

Propela ya kawaida ina krosi mbili, moja kila mwisho. Krosi huiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imepinda, lakini kwa gharama. Shafti iliyopinda haizunguki kwa kasi moja. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ikiwa katika pembe ya nyuzi 10, kasi hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5. Pembe ikifika nyuzi 20, mabadiliko hayo hufikia asilimia 6 kwenda juu na chini.

Krosi ya pili ipo ili kufuta kosa la ile ya kwanza. Inaweza kufanya hivyo kwa masharti mawili tu: pembe za krosi zote mbili ziwe sawa, na uma za shafti hiyo zielekee upande mmoja. Gari likiinuliwa, transfa hupanda pamoja na bodi ilhali difu hubaki chini. Pembe huongezeka, na mara nyingi usawa huo hupotea.

Kuanza na yaliyo rahisi

Kabla ya kulaumu propela, ni vyema kuondoa sababu nyepesi. Tope lililokauka ndani ya rimu hutosha kulitikisa gari zima, hivyo magurudumu yaoshwe kwanza, kisha yabalansiwe. Tairi zikaguliwe kama zina uvimbe, na nati zote za magurudumu zikazwe.

Usukani unaocheza kwa nguvu baada ya gari kupita shimo ni jambo jingine. Hapo ekseli ya mbele yenyewe ndiyo inayoyumba, na panapotakiwa kuangaliwa ni beringi za kingipini, bushi, na viungo vya usukani.

Kusikiliza mwendo

Aina ya mtetemo hutaja chanzo chake. Mfano ni gari lenye tairi za kimo cha inchi 33 na difu yenye uwiano wa 4.1. Likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 8 hivi kwa sekunde, propela mara 35, na krosi zisizo na usawa hutikisa mara 69. Kwa sababu hiyo, tairi mbovu husikika kama mtikisiko wa polepole unaopanda hadi kwenye kiti na usukani, ilhali propela hutoa mtetemo wa haraka unaokaribia kuwa mngurumo sakafuni.

Majaribio matatu hufuata. La kwanza, gari likiwa limesimama na gia haijaingizwa, injini ipandishwe kasi taratibu. Mtetemo ukitokea, chanzo ni injini, mautini zake, feni au klachi. La pili, gari liendeshwe kwa kasi ile inayotetemesha, kisha gia ibadilishwe bila kubadili mwendo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haihusiki. Kinachotafutwa kiko nyuma ya giaboksi.

La tatu ni kukanyaga na kuachia mafuta. Mtetemo unaokuja wakati wa kuvuta tu, hasa gari lenye springi za majani linapoondoka, huashiria kuwa difu inainua pua yake kwa nguvu ya injini na kuharibu pembe ya krosi. Unaokuja wakati wa kuachia mafuta hutaka beringi ya pinioni ikaguliwe, pamoja na mwachano wa meno ndani ya difu.

Kukagua na kupima

Propela ishikwe kwa mikono na kutikiswa juu, chini na kwa kuizungusha. Krosi nzima haina mchezo wowote. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake ni ishara kwamba grisi imekwisha. Shafti ichunguzwe kama imegongwa na jiwe, au kama kipande kidogo cha chuma cha kubalansi kimebanduka. Uma za pande mbili zitazamwe pia, kwani fundi aliyeifungua shafti bila kuiwekea alama anaweza kuirudisha ikiwa imepishana meno. Isipokuwa pale mtengenezaji alipoelekeza vingine, uma hizo hutakiwa kulingana.

Pembe hupimwa kwa kipimo cha nyuzi, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare na likiwa na mzigo wake wa kawaida. Kulipima likining'inia kwenye jeki ni kujidanganya, kwa kuwa ekseli hushuka na pembe zote hubadilika.

Tuseme upande wa nyuma, transfa inateremka nyuzi 4, propela nyuzi 12, na pinioni ya difu nyuzi 9. Krosi ya mbele ina pembe ya nyuzi 8, yaani 12 kutoa 4. Ya nyuma ina nyuzi 3. Tofauti ni nyuzi 5, na gari hilo halina budi kutetemeka. Mara nyingi aliyelifunga alielekeza pinioni kwenye propela akidhani anapunguza pembe. Kwa shafti ya krosi mbili za kawaida, hilo ni kosa: pinioni inapaswa kuwa sambamba na transfa, tofauti isizidi nyuzi 1.

Kanuni hiyo hugeuka pale shafti inapokuwa na krosi pacha upande wa transfa. Pacha hizo hufutana zenyewe, hivyo pinioni ndiyo inayotakiwa kuelekea moja kwa moja kwenye shafti, au chini yake kidogo.

Mtego wa usukani

Katika Defender na Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ekseli ya mbele hushikwa na mikono inayotoka nyuma kwenye chesesi. Gari likiinuliwa, ekseli hujizungusha, pinioni hutazama juu na usukani huwa mwepesi usiotulia. Mafundi hufunga bushi za kurekebisha, usukani hutulia, lakini pinioni huinamishwa tena na pembe ya propela huzidi. Kwa kuwa propela ya mbele ya Defender huzunguka wakati wote, mtetemo husikika hata lamini.

Ili kujua ni propela ipi yenye kosa, katika magari hayo difu ya katikati inaweza kufungwa, propela ya mbele ikatolewa, na gari likaendeshwa umbali mfupi kwa nguvu ya nyuma pekee. Tahadhari inahitajika: breki ya mkono ya Defender hufanya kazi kwenye transfa, si kwenye magurudumu. Difu ya katikati ikiachwa wazi wakati propela moja imetolewa, gari linaweza kuviringika. Magurudumu yawekewe vizuizi, na injini isiingizwe gia gurudumu moja likiwa juu ya jeki.

Tiba

Kwa springi za majani, kabari za chuma kati ya springi na ekseli hugeuza pinioni hadi pembe inayotakiwa. Magari mengine hufaidika na shafti yenye krosi pacha, au kwa kushusha transfa kidogo. Pale pembe zinapogoma kukubali, dawa iliyo nafuu ni kupunguza kimo chenyewe.

Kubadili krosi bila kupima pembe ni kutibu homa na kuacha malaria, kwani krosi mpya nayo itakufa mapema. Mmiliki anayetaka kuinua gari lake anashauriwa kupima pembe kabla ya kazi na kuziandika, kisha kuzipima tena baada ya kazi kabla ya kumlipa fundi.