Buibui Mmoja, Majina Mawili

Neno buibui katika pwani yetu lina kazi mbili: ni kiumbe afumaye utando, na ni vazi jeusi la mwanamke. Kwa msemaji wa kawaida latosha. Wataalamu wa viumbe hawakutosheka nalo. Mwaka 2022 orodha yao ya aina za buibui duniani ilifikia 50,000, na kila aina ina jina la maneno mawili: la kwanza la ukoo, la pili lake yenyewe.

Yafaa mwanafunzi afahamu jina hilo husimama juu ya nini. Halisimami juu ya kitabu, bali juu ya maiti. Mtaalamu anayetangaza aina mpya huteua kielelezo, kikahifadhiwa katika chupa ya spiriti pamoja na kikaratasi kinachotaja mahali kilikopatikana, na tangu siku hiyo kielelezo hicho ndicho shahidi wa jina. Spiriti hufifisha rangi. Kwa hiyo mwenye kupambanua hutegemea zaidi hadubini, akichungua viungo vya uzazi, macho na vinyweleo. Likizuka shauri, shahidi huitwa.

Mfano ulio karibu nasi ni buibui mkubwa wa nyika za Kenya na Tanzania. Jike ana rangi ya kutu na miguu ya nyuma minene iliyopinda, huishi katika shimo refu alilojichimbia, na akichokozwa hutoa sauti ya kukwaruza. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliyetumwa na chama cha jiografia cha Hamburg, aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi, akapita nchi ya Wamaasai hadi Naivasha. Buibui waliopatikana safarini walichunguzwa na Ferdinand Karsch, naye mwaka 1885 akamwita mmoja wao Pelinobius muticus. Miaka 15 baadaye Reginald Pocock, wa Makumbusho ya Uingereza mjini London, alieleza buibui aliyemdhani mgeni, akamwita Citharischius crawshayi kwa heshima ya Mwingereza Crawshay.

Jina la Pocock ndilo lililoenea. Wala hapakuwa na hila: maelezo ya zama zile yalikuwa mafupi mno, na asomaye maneno matupu hawezi kujua kama wasifiwa wawili ni mtu mmoja. Mwaka 2010 Richard Gallon, katika kupitia upya buibui wa jamii hiyo, alionyesha kwamba hao wawili ni mmoja. Kanuni ya kimataifa hapo haina huruma: jina lililotangulia kutangazwa ndilo lirithilo. (Kwa buibui hesabu huanzia kitabu cha Msweden Carl Clerck cha 1757, mwaka mmoja kabla ya wanyama wengine wote.) Citharischius likafutwa baada ya miaka 110, na vitabu vilivyokwisha kuchapwa vikabaki na jina mfu.

Kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya watunzaji wa makumbusho, ambao vizazi kwa vizazi huongeza spiriti chupani isikauke, bila kujua ni nani atakuja kuuliza. Lakini ushahidi wao una pengo. Kichwa cha orodha ya Karsch chamtaja Fischer peke yake. Mpagazi au mwenyeji aliyeingiza mkono shimoni hatajwi.