Sarafu za kale: Namna ya kutofautisha kasoro ya kiwandani na tofauti ya muhuri

Sarafu ya kale yenye alama isiyo ya kawaida inaweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko wenzake wa mwaka uleule, au isiongeze hata senti moja. Kinachoamua ni chanzo cha alama hiyo. Mfanyabiashara asiyejua chanzo hicho huweza kuuza mali kwa bei ya vyuma chakavu, au kununua sarafu iliyogongwa nyundo akidhani ni adimu.

Sarafu hutengenezwa kwa kubana kipande cha madini kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa kila upande. Alama yoyote itakayoonekana baadaye imetokana na muhuri, na tukio la wakati wa kuchapa, au na matumizi baada ya sarafu kutoka kiwandani.

Tofauti ya muhuri

Hii ni tofauti iliyochongwa kwenye muhuri wenyewe. Kwa sababu hiyo hujirudia, mahali palepale, kwenye kila sarafu iliyochapwa kwa muhuri huo.

Mfano mzuri ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliizuia pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, sarafu kutoka Ujerumani zikakosekana, na utawala ukaanza kuchapa zake katika karakana ya reli mjini Tabora. Mji huo ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916.

Heller 20 za Tabora zilitolewa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, na zilichapwa kwa mihuri kadhaa iliyochongwa tofauti:

- Upande wa mwaka: taji kubwa au taji dogo.
- Upande wa thamani: ncha za herufi L mbili za neno HELLER zimechongoka, au zote zimejikunja, au imejikunja L ya pili peke yake.

Heller 5 za mwaka huohuo zina taji lenye kitako bapa au kitako cha mviringo. Rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya ndovu, hutofautishwa kwa pambo la maandishi: huishia chini ya herufi T au chini ya herufi A ya neno OSTAFRIKA.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kasoro. Ni aina, na wakusanyaji huzitafuta zote ili kukamilisha seti.

Kasoro ya kiwandani

Kasoro ni ajali ya sarafu moja au chache: picha imechapwa pembeni, kipande cha madini kilikatwa pungufu, au tundu halikutobolewa. Senti 1, 5 na 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, zina tundu katikati. Tundu lililokaa upande huwa ni kasoro. Lakini tundu linaweza kuzibwa na fundi, hivyo sarafu isiyo na tundu ikaguliwe kwa makini kuona kama kuna duara la kiungo.

Ufa wa muhuri uko katikati ya makundi haya mawili. Muhuri ukipasuka, madini huingia kwenye ufa na kuacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Mstari huo hujirudia na kurefuka kadiri muhuri unavyochoka.

Uharibifu wa baadaye

Kanuni ya kwanza ni rahisi: mstari ulioinuka kwa kawaida hutoka kwenye muhuri, mstari uliochimbika mara nyingi ni mkwaruzo. Herufi zilizobonyezwa na kutanuka ni kipigo. Herufi inayoonekana mara mbili nayo inahitaji uangalifu. Ikiwa nakala ya pili ni bapa kama ngazi na herufi yenyewe imepungua unene, muhuri ulitikisika tu wakati wa kuchapa, na alama hiyo haiongezi thamani.

Aidha, sarafu za Tabora zilitengenezwa kwa haraka na kwa vifaa vya kubahatisha. Picha hafifu kwenye sarafu hizo ni jambo la kawaida, si sababu ya kupandisha bei.

Hatua za kufuata kabla ya kununua

1. Tafuta sarafu ya pili ya aina hiyo. Alama ikijirudia palepale, ni ya muhuri.
2. Tumia lenzi ya kukuza mara 10.
3. Pima uzito. Rupia 15 halali ina gramu 7.168 na dhahabu ya asilimia 75. Nakala bandia ni nyingi.
4. Usisafishe sarafu. Kuisugua kwa mchanga, majivu au dawa ya shaba huondoa sehemu kubwa ya thamani yake.

Kuvuka mpaka

Sarafu hizi huonekana Tanzania, Rwanda na Burundi, zilizokuwa koloni moja la Wajerumani. Zile za Bodi zilitumika pia Kenya, Uganda, Zanzibar na hadi Aden. Hazipokelewi tena kama fedha, hivyo zikivuka mpaka ni bidhaa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa (HS) wa mwaka 2022, sarafu za wakusanyaji zenye umri wa zaidi ya miaka 100 ziko chini ya namba 9705.31, na nyingine 9705.39. Msafirishaji anashauriwa kuzitaja kwenye nyaraka na kuuliza mapema idara ya mambo ya kale ya nchi zinakotoka kama kibali kinahitajika. Sarafu iliyofichwa ndani ya mzigo mwingine inaweza kuchelewesha gari zima.