Diplomu ya Leta: nani humwandaa mtoto wa Lubumbashi?

Mwaka 1967 serikali ya Kongo ilianzisha jambo ambalo hata Ubelgiji, bwana wake wa jana, haikuwa nalo kwake nyumbani. Iliwawekea wanafunzi wote wanaomaliza sekondari, kutoka Matadi hadi Lubumbashi, mtihani mmoja wa nchi nzima. Kwa Wabelgiji, shule ndiyo iliyomtahini mwanafunzi wake, kisha tume ikathibitisha cheti. Kongo changa haikuweza kuishi na utaratibu huo. Shule zilikuwa zimeachana mno: cheti cha koleji ya mjini na cheti cha misheni ya porini vilikuwa na jina moja, uzito mbalimbali.

Mtihani huo ndio Examen d'État, Exetat kwa mdomo wa vijana, na cheti chake watu hukiita diplomu ya Leta, yaani ya Serikali. Asiye nacho hasajiliwi chuo kikuu chochote nchini. Lakini Leta ilipojitwalia kazi ya kupima, kazi ya kumwandaa mtoto haikuifanya yake kwa moyo uleule. Huko Lubumbashi kazi hiyo imepita mikononi mwa mapadre, mwa kampuni, mwa walimu wa kigeni, na leo imetua mapajani mwa mzazi.

Turudi mwanzo. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa sababu ya shaba na si kwa sababu nyingine. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka uliofuata, 1911. Koleji yao ya Saint-François de Sales, ambayo leo wenyeji wanaijua kwa jina la Imara, iliwafundisha watoto wa Wazungu Kilatini na hesabu za kuwapeleka vyuoni Ulaya. Mtoto mweusi alipelekwa kwenye shule ya ufundi: useremala, ushonaji, uhunzi. Hakuna aliyefikiria kumwandaa kwa chuo kikuu, kwani chuo kikuu chenyewe hakikuwapo. Njia pekee ya masomo ya juu ilikuwa seminari. Stefano Kaoze, padre wa kwanza Mkongo wa zama hizo, alipewa daraja takatifu mwaka 1917 huko Baudouinville, Moba ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka mingi ikapita huku mwenye akili ya vitabu akiwa na chaguo hilo tu: ukasisi, au ukarani.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na hesabu zake. Iliona ni nafuu kumweka mfanyakazi pamoja na mke na watoto kuliko kuajiri wapya kila mwaka, hivyo ikajenga kambi, zahanati na shule, na shule ikazikabidhi kwa wamisionari Wabenediktini. Mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu, kutii king'ora na kushika nyundo. Nia ilikuwa kumpata mfanyakazi wa kesho, tena mfanyakazi bora, lakini asipite hapo. Hata hivyo tusiibeze shule hiyo, maana ndiyo iliyowapa maelfu ya watu wa jimbo hili la Katanga kalamu ya kwanza. Na wengine waliishika kalamu bila kupita koleji yoyote: mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili. Hakuna mtihani uliowahi kumuuliza mtu maarifa ya aina hiyo.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1954, waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipoanzisha shule za serikali zisizo za kidini. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, nacho kikaona lazima kiweke mwaka mzima wa maandalizi kwa vijana ambao sekondari zao hazikuwafikisha kiwango. Mwaka 1956 Élisabethville nayo ikapata chuo kikuu chake cha serikali, na wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa Wazungu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza Katanga kujitenga, na mji ukaingia vitani hadi Januari 1963.

Walimu wa Kibelgiji waliondoka kwa wingi. Pengo lao lilizibwa na wageni wengine walioletwa kwa msaada wa UNESCO, miongoni mwao Wahaiti, watu weusi wenye Kifaransa kizuri na digrii mkononi. Mageuzi ya mtaala yakaja wakati huohuo: programu moja ya taifa, na miaka miwili ya mwanzo wa sekondari ikawa ya kumwelekeza mtoto kabla hajachagua mkondo. Exetat ya 1967 ilizaliwa humo, kama fimbo ya kupimia shule ambazo hazikuwa na mwalimu mmoja wala kitabu kimoja.

Ni mtihani wa namna ya peke yake. Kwanza huja sehemu iitwayo hors-session, yenye insha ya Kifaransa, Kifaransa cha mdomo na kazi za vitendo kwa mikondo ya ufundi. Halafu siku nne za kikao cha kawaida, zenye item, yaani maswali ya kuchagua jibu, yaliyopangwa katika seri mbalimbali ili jirani asimwibie jirani. Mtahiniwa hukaa na macaron yake, kitambulisho chenye picha na namba, katika kituo ambacho mara nyingi si shule yake. Asilimia 50 ndiyo mpaka. Mwenzake wa Kenya au Tanzania hujaza kurasa kwa maelezo yake mwenyewe, ilhali wa Kongo, ukiacha ile insha, hukata shauri kati ya majibu yaliyokwisha andikwa. Jambo hilo limeunda mbinu nzima ya kujiandaa, tena kwa maoni yangu limeiharibu: kijana hujifunza kuondoa jibu la uongo kabla hajajifunza kutafuta la kweli.

Miaka ya 70 ndiyo wazee wa Lubumbashi huitaja kwa kuugua. Union Minière ilikuwa imetaifishwa na hatimaye ikawa Gécamines. Shule zake zilikuwa na madaftari, madawati, maabara, na mwalimu aliyelipwa mwisho wa mwezi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, na kitivo cha fasihi kikaletwa Lubumbashi, ambako mwandishi V. Y. Mudimbe alifundisha. Vijana wa Kivu, Kasai na Bandundu wakajazana kwenye kampasi ya Kasapa. Nani aliyewaandaa? Shule yenyewe. Mwalimu wa hesabu alibaki na darasa saa za jioni, na hakuna mzazi aliyeombwa senti. Matokeo yalisomwa redioni, mtaa mzima ukinyamaza kusikiliza majina.

Mambo yalivunjika haraka. Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa, ikazaliwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa kampasini, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Septemba mwaka huohuo mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyotoa takriban tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 80, haikufikisha hata 50,000 mwaka 1994. Kati ya 1992 na 1994 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Pamoja nao waliondoka walimu wengi na wanafunzi wengi wa miaka ya mwisho. Serikali ya Kinshasa ikaacha kabisa kulipa mishahara ya kueleweka. Hapo ndipo ilipozuka ile iitwayo prime: wazazi wachange ili mwalimu asigome. Ilisemwa kuwa ni ya muda.

Mwanahistoria wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliziita familia hizi za wafanyakazi watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, akaiweka kauli hiyo katika jina la kitabu chake cha 2001. Baba ni kampuni. Miaka miwili baadaye, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa mkono wa kwaheri. Nyumba iliyokuwa na karo ya uhakika ikawa ya kuuza mkaa na maandazi, huku finalisti, mtoto wa mwaka wa mwisho, akisubiri barazani.

Kutokana na uhitaji huo akatokea encadreur, mwalimu wa masomo ya ziada. Sheria haimjui, na bila yeye Lubumbashi isingepata nusu ya madaktari na wahandisi wake. Hilo ni kadirio langu, si takwimu. Mara nyingi ni mwanafunzi wa UNILU mwenye njaa na akili, anayezunguka Katuba, Kenia, Ruashi na Kampemba jioni. Umeme ukikatika, na hukatika, wanasoma kwa tochi ya simu. Ubao ni kipande cha plywood kilichopakwa rangi nyeusi, kimeegemezwa ukutani karibu na mbabula, jiko la mkaa ambalo mama anapikia bukari, yaani ugali. Vitabu ni fotokopi za item za miaka iliyopita, zimefifia hadi alama ya kipeo haionekani.

"Yaya, si jibu ni la tatu?"

"Umeona alama ya kutoa? Soma tena, mdogo wangu."

Swali liko kwa Kifaransa, na maelezo yote ni kwa Kiswahili. Mtoto hupewa logarithmu kwa lugha ya nyumbani, kisha hufundishwa maneno ya kuitambulia kwenye karatasi. Koleji za bei hufanya maandalizi yao kwa utaratibu zaidi, lakini kwa wengi shule halisi ya Exetat ni hiyo ya uani.

Kando yake kuna soko jingine. Kila msimu huzuka watu wa kuuza majibu, zamani kwa vikaratasi, siku hizi kwa WhatsApp, na michango ya kuwalainisha wasimamizi hukusanywa darasani bila aibu. Wakubwa hukemea vijana. Nionavyo, ulaghai ulikuwa mzao wa prime: ukishamzoesha mzazi kwamba kila kitu cha shule kina bei yake ya pembeni, utamwambiaje kwamba jibu halina?

Matokeo sasa hufika kwa ujumbe wa simu. Aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa mtaa mzima. Halafu huja mshtuko wa pili: diplomu inafungua lango la chuo, si mlango wa kitivo. Anayetaka Polytechnique, kitivo cha uhandisi, hana budi kuthibitisha hesabu zake upya, na wapo waliofika huko na asilimia nzuri bila kuwahi kuandika uthibitisho mmoja kamili kwa mkono wao.

Serikali haijalala kabisa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilipanga upya madarasa, ndiyo maana finalisti rasmi yuko mwaka wa 4 wa humanités, sekondari ya juu, ingawa mtaani bado anaitwa wa sixième, yaani wa sita. Mwaka 2020, corona ilipofunga shule mwezi Machi, Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na mnamo Agosti mafinalisti walirudi madarasani. Tangu 2019 mpango wa Excellentia, wa taasisi ya mke wa rais, huwapa ufadhili wa masomo waliong'ara zaidi kitaifa. Ni jambo jema, lakini humfikia aliyekwisha shinda.

Mwaka huohuo wa 2019 ndipo elimu ya bure ilipoanza kutekelezwa, nayo iliishia shule ya msingi. Mzazi wa Katuba anapumua miaka michache, kisha mtoto anaingia sekondari na bili zinarudi zote: karo, prime, ada ya mtihani, fotokopi, encadreur. Nchi inayolazimisha mtihani mmoja kwa watoto wote tangu 1967 haina haki ya kuwaachia wazazi maandalizi yake kila mmoja kwa mfuko wake. Elimu ya bure ifike hadi darasa la finalisti, vyumba vya shule za serikali viwashwe taa jioni za kuanzia Januari hadi Juni, na yule kijana wa UNILU mwenye ubao wa plywood aajiriwe humo kwa mshahara.