Matawi Yaliyokiongoza Chama: Historia Fupi ya YWCA ya Marekani katika Kupinga Ubaguzi wa Rangi

Chama cha Wanawake Vijana wa Kikristo, ambacho wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam hukifahamu zaidi kwa herufi zake YWCA na kwa hosteli zake, kilianzia Uingereza mwaka 1855, Mary Jane Kinnaird alipofungua jijini London nyumba ya malazi ya wauguzi wa Vita vya Crimea, na Emma Robarts, akiwa na shughuli yake mwenyewe, alipoanzisha umoja wa wanawake wa kusali. Kazi hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1877. Nchini Marekani wanawake wa New York waliunda chama cha namna hiyo mwaka 1858, na Boston ikawa ya kwanza kulitumia jina lenyewe mwaka 1866. Aliyelengwa ni msichana aliyetoka shamba kuja mjini kutafuta kazi ya kiwandani au ofisini, ambaye chama kilimpatia chumba cha bei nafuu, chakula, na mafunzo ya kumwezesha kujitegemea, yakiwemo ya kupiga chapa, ambayo New York ilianza kuwapa wanawake katika miaka ya 1870, mashine yenyewe ikiwa bado ngeni.

Msichana huyo, katika fikra za waasisi wengi, alikuwa Mzungu. Wanawake Weusi walikuja mijini kwa wingi uleule na kwa shida kubwa zaidi, wakakuta milango ya nyumba hizo imefungwa, na ndiyo maana historia ya YWCA kama chombo cha kupinga ubaguzi inapaswa kuanzia kwao, na si katika ofisi za makao makuu. Tawi la kwanza la wanawake Weusi lilifunguliwa Dayton, Ohio, mwaka 1889. Mwaka 1905, jijini Washington, wanawake Weusi waliokuwa na kikundi chao cha kusoma vitabu walianzisha chama ambacho baadaye kilichukua jina la Phillis Wheatley, mshairi aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston mwaka 1761, na kuchapisha kitabu cha mashairi mwaka 1773 akiwa angali mtumwa. Jina hilo lilienea katika matawi mengi ya wanawake Weusi, nalo lilitangaza waziwazi kwamba waliokuwa wakihudumiwa humo walikuwa warithi wa elimu na heshima.

Mwaka 1906 vyama vya miji mbalimbali viliungana chini ya Bodi ya Taifa, rais wake wa kwanza akiwa Grace Dodge, na hapo ndipo neno "tawi" lilipopata maana iliyoumiza. Katika mji wenye chama cha Wazungu, chama cha wanawake Weusi kilihesabiwa kuwa tawi lake, yaani kiliwekwa chini ya usimamizi wa bodi ambayo wanachama wa tawi hawakuwa na sauti ndani yake, ingawa ada, michango ya makanisani na kazi ya kujitolea vilivyoliendesha tawi vilitoka kwao wenyewe. Addie Hunton alipewa mwaka 1907 jukumu la kushughulikia kazi miongoni mwa wanawake Weusi, na Eva Bowles aliyeishika kazi hiyo kitaifa kuanzia 1913 aliitumia nafasi iliyoletwa na Vita Kuu ya Kwanza kuongeza matawi na watumishi wenye mshahara. Hata hivyo, mwaka 1920 Lugenia Burns Hope na wenzake wa majimbo ya Kusini walikutana Atlanta na kudai haki ya kujisimamia na uwakilishi katika Bodi ya Taifa. Elizabeth Ross Haynes aliingia katika Bodi hiyo mwaka 1924, lakini Bowles alijiuzulu mwaka 1932, akipinga mabadiliko ya muundo ambayo kwa maoni yake yaliwaondoa wanawake Weusi katika uamuzi wa sera.

Hakuna mahali ambapo kuwainua wanawake na kupinga ubaguzi vilionekana kuwa kazi moja kama katika tawi la Harlem, New York, ambalo tangu 1926 lilikuwa na bweni lililoitwa Emma Ransom House. Mwaka 1937 tawi hilo lilimwajiri Dorothy Height, aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii wa jiji hilo. Wakati huo wa mdororo wa uchumi, wanawake Weusi walikuwa wakisimama alfajiri kwenye pembe za barabara za Bronx na Brooklyn, wakingoja akina mama wenye nyumba waje kuwachagua kwa kazi ya kutwa, hata kwa senti 15 kwa saa. Waandishi Ella Baker na Marvel Cooke walikuwa wamekwisha kulifichua jambo hilo mwaka 1935 na kuliita soko la watumwa. Height alilipeleka suala hilo mbele ya Baraza la Jiji. Kumpa mwanamke kitanda bila kuhoji kwa nini rangi yake ilimpeleka kwenye pembe ile kungekuwa kutibu homa na kuuacha ugonjwa, na tawi la Harlem lililitambua hilo mapema kuliko makao makuu.

Mwaka 1944 Juliet Bell na Helen Wilkins walichapisha utafiti kuhusu jinsi vyama vya miji vilivyoshughulikia suala la rangi, nao ukawa msingi wa Mkataba wa Rangi Zote, yaani tamko lililoidhinishwa na mkutano mkuu wa Atlantic City mwaka 1946, likikitaka chama kuwashirikisha wanawake wa rangi zote katika ngazi zote. Ni haki tamko hilo kukumbukwa kwa fahari, kwa kuwa lilitangulia kwa miaka 8 hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma. Ni haki pia kukumbuka gharama yake: katika miji kadhaa kuunganishwa kulimaanisha kufungwa kwa tawi la wanawake Weusi, pamoja na jengo na uongozi walioujenga kwa miaka mingi.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Kumbukumbu za taasisi zinaeleza kwamba mkahawa wa YWCA ya Atlanta ulipofunguliwa kwa Weusi mwaka 1960, ulikuwa wa kwanza wa umma jijini humo kuhudumia watu wa rangi zote pamoja. Mwaka 1965 Height alikabidhiwa ofisi mpya ya haki za rangi, na mwaka 1967 Helen Wilkins, wakati huo akijulikana kwa jina la Claytor, akawa rais wa kwanza Mweusi wa Bodi ya Taifa. Kisha, mwaka 1970, wanawake Weusi wapatao 500 walikutana kabla ya mkutano mkuu wa Houston, wakauelekeza kupitisha Agizo Moja, ambalo lilifanya kuutokomeza ubaguzi wa rangi kuwa wajibu unaotangulia mengine yote ya chama.

Leo vyama vya miji, vinavyofikia takriban 200, vina bodi na bajeti zao, na vingi huendesha nyumba salama kwa wanawake wanaokimbia ukatili majumbani, malezi ya watoto na mafunzo ya kazi. Ruzuku za serikali huja na masharti, zikilipia huduma zilizotajwa na si zaidi, kwa hiyo mijadala ya haki za rangi, ushawishi wa kisheria na mishahara ya wanaozisimamia kazi hizo hutegemea sana ada za wanachama na michango ya wakazi wa mji. Kampeni ya kila mwaka ya kupinga ubaguzi ambayo sasa inaendeshwa nchi nzima ilianzishwa mwaka 2007 na vyama viwili vya New Jersey, vya Trenton na Princeton, na ofisi ya taifa iliichukua kutoka kwao.