"Hakuna Matata": wimbo wa Timon na Pumbaa una maana gani?

Ukimwomba radhi mtu wa Mpale kwa kuchelewa, atakujibu "hamna shida" au "haina neno". Ni nadra aseme "hakuna matata". Lakini mgeni asiyejua neno jingine lolote la Kiswahili huenda akayajua hayo mawili, kwa sababu aliyasikia kwenye katuni ya The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994. Muziki wa wimbo huo alitunga Elton John, mashairi yakaandikwa na Tim Rice, wote Waingereza.

Maneno yenyewe si ya Disney. Wenye mashamba ya mkonge Korogwe wanajua nyuzi za katani zikivurugika zinavyotatana. Humo ndimo lilimotoka neno matata, pamoja na tatizo na utata. Na kulifungua fundo ndiko kutatua. Mwaka 1982, miaka 12 kabla ya katuni hiyo, bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikwisha kuyaimba katika Jambo Bwana, wimbo wa kuwakaribisha wageni.

Kwetu, mtu akisema hakuna matata anazungumzia jambo lililo mbele yake: chenji imepungua, basi limechelewa, yaishe. Timon na Pumbaa wameyafanya kuwa namna ya kuishi, na hapo ndipo maana inapobadilika.

Tukumbuke wanamwimbia nani. Simba ni mtoto aliyefiwa na baba, na baba yake mdogo, ambaye ndiye muuaji, amemwaminisha kwamba kosa ni lake. Amekimbia hadi jangwani, akaokotwa na hawa wawili. Wanamfundisha kula wadudu na kuyapa mgongo yaliyopita. Wimbo unaanza akiwa mtoto na kwisha akiwa simba dume mwenye manyoya shingoni. Miaka yote hiyo, nyumbani fisi wanatamba na njaa imeingia. Wimbo ulimfariji, hilo hatulikatai, lakini pia ulimficha, na hadithi haisogei mpaka Nala amkute na kumtaka arudi. Jina la yule ngiri linatokana na kupumbaa. Anayejua Kiswahili anapata dokezo ambalo watazamaji wengi wa nje hawalipati.

Liko pia suala la umiliki. Mwaka 1994 Disney iliomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama ya biashara kwenye nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini mtandaoni kupinga, na sisi tunaielewa hasira yao. Hata hivyo usajili huo haumzuii mtu kuyatamka wala kuyaimba. Tena alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi; kwa Tanzania Bara inayosajili ni BRELA, kwa hiyo usajili wa Marekani peke yake haumfungi fundi anayechapa fulana Korogwe.