Wimbo wa Kuchekesha na Mwenye Wimbo

Wengi wenu mmepata kuona katika sinema mtu akiimba huku akijipiga ukutani, akianguka na kuinuka, nao watazamaji wakishika mbavu. Leo twapenda kuwaelezeni asili ya wimbo mmoja wa namna hiyo, maana ndani yake mna neno la haki.

Wimbo huo waitwa "Make 'Em Laugh", yaani Wachekeshe, nao umo katika sinema ya Kimarekani Singin' in the Rain, iliyotoka mwaka 1952. Bwana Arthur Freed, mkubwa wa kazi ile katika kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo, na mwenziwe Nacio Herb Brown mtunzi wa sauti zake. Karibu nyimbo zote za sinema hiyo zilikuwa zao za zamani. Lakini mchekeshaji Donald O'Connor, mtoto wa watu wa sarakasi, hakuwa na wimbo wa peke yake. Basi mwongozaji Stanley Donen akataka utungwe mpya, akatoa na mfano: "Be a Clown", ambao Cole Porter aliutungia sinema The Pirate ya mwaka 1948. Sinema hiyo nayo ilikuwa kazi ya Freed.

Alipewa alichotaka, na zaidi. Ukizisikiliza nyimbo hizi mbili kwa kufuatana hutasita: sauti zapanda na kushuka mahali pale pale, na shauri ni lile lile, kwamba mcheshi hupendwa. Hata manju wa ngoma huchukua kibwagizo cha mwenziwe. Lakini yeye hujibiwa uwanjani, watu wote wakisikia. Hapa aliyeiga alikuwa tajiri, na aliyeigwa ndiye aliyepewa kazi naye. Donen mwenyewe alisema baadaye, bila kuficha, kwamba ule ulikuwa wizi.

Porter hakushtaki hata alipokufa mwaka 1964. Yadhaniwa alikumbuka fadhili, kwa kuwa Freed alimpa The Pirate wakati kazi zake nyingine zilipokuwa hazivutii watu. Sisi twaona fadhili hiyo ililipwa kwa bei kubwa.

O'Connor hana lawama. Alipanda ukuta mbio akapinduka hewani, akachoka hata akalala kitandani siku kadhaa. Aliporudi akaambiwa utepe wa picha umeharibika. Akaucheza tena mchezo wote tangu mwanzo.