Udongo wa Ufipa unavyoishia ziwani

Ndugu mkulima, mvua kubwa ikinyesha hapa Sumbawanga, nenda ukaangalie rangi ya maji mtoni. Wekundu ule ni rutuba ya mashamba yetu inasafiri. Inayotelemkia mashariki huishia Ziwa Rukwa, ya magharibi Ziwa Tanganyika.

Jambo hili lina historia. Wazee wa Kifipa walikuwa mafundi hodari wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, na kila tanuri lilikula mkaa mwingi. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, chuma cha dukani kilipoenea. Shoka halikupumzika: mashamba yaliongezeka, na mji ulitaka kuni na mkaa.

Msitu hupunguza nguvu ya matone ya mvua, na mizizi hushika udongo. Miti ikiondoka, maji hutelemka na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Fosforasi huenda imeng'ang'ania chembe za udongo. Naitrojeni huyeyuka katika maji.

Ziwani, rutuba ya kiasi ni heri, kwa kuwa hukuza mimea midogo inayoanzisha chakula cha dagaa. Ikizidi, mimea hufurika, na ikioza humaliza hewa ya samaki. Tope nalo huziba mwanga na kufunika mawe wanakotaga baadhi ya samaki. Utafiti wa Ziwa Tanganyika uliochapishwa 1993 ulikuta aina chache zaidi za viumbe mahali palipopokea tope jingi la milima iliyokatwa miti. Ziwa Rukwa lina kina kifupi na halina mto wa kutoa maji, hivyo tope likiingia hubaki. Wewe unayeuza samaki gulioni, mtaji wako unaanzia mlimani.

Wazee walikuwa na dawa yao: intumba. Mvua zikielekea kuisha waligeuza nyasi pamoja na udongo kuwa vilima vidogo, nyasi zikaozea ndani, wakapanda maharage. Msimu uliofuata walivitawanya wakapanda ulezi. Rutuba ilibaki shambani.

Nasi tufanye hivi:

- Usichome mabaki ya mazao; yafukie.
- Kwenye mteremko, lima kwa kuukingama, na panda majani ya tembo kwenye makinga maji.
- Acha mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Mbolea umeinunua kwa fedha yako. Usiipeleke ziwani bure.